Mwenye Bluebird ni Nani? Kisa cha Boti Iliyoopolewa Ziwa Coniston

Tarehe 8 Machi 2001, katika ziwa Coniston kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mkia wa boti ulichomoza juu ya maji. Ulikuwa bado wa buluu. Bendera ya Uingereza iliyochorwa ubavuni mwake ilionekana wazi, kama vile fundi wa rangi ameondoka juzi, ilhali chombo kilikuwa kimelala topeni kwa miaka 34. Nyuma ya mkia ule ilifuata theluthi mbili ya Bluebird K7, boti ya rekodi za kasi ya Mwingereza Donald Campbell. Theluthi iliyobaki, ile aliyokuwa amekaa dereva, haikuwapo.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya ufundi: boti ya rekodi ilianguka, ikazama, ikatafutwa, ikaopolewa, ikatengenezwa, ikakimbia tena. Yote hayo ni kweli. Lakini nikikipitia tangu mwanzo, naona ufundi ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri kuliko zote. Kilichowasumbua watu tangu siku ile ya Machi hadi mwaka 2024 ni lile swali analoliuliza hata mtoto aliyeokota kitu njiani: hiki ni cha nani? Na kwa Bluebird swali hilo liliulizwa mara tatu: kwanza juu ya maiti, kisha juu ya mabaki, mwisho juu ya vyuma vipya.

Jina la kurithi

Donald Campbell alizaliwa mwaka 1921 katika nyumba ambamo kasi ndiyo iliyokuwa habari ya kila siku. Baba yake, Sir Malcolm Campbell, alivunja rekodi za dunia nchi kavu na majini, na vyombo vyake alivipa jina moja, Bluebird. Malcolm alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1948. Mwana alibaki na boti ya baba, K4, na pia Leo Villa, fundi mkuu aliyekuwa amemhudumia mzee na sasa akamhudumia kijana. K4 iliharibika vibaya mwaka 1951 katika ziwa hilohilo la Coniston. Mwaka uliofuata, Septemba 1952, mwenzao John Cobb alikufa kwenye ziwa la Loch Ness, Uskoti, boti yake ilipovunjika ikiwa imepita maili 200 kwa saa. Baada ya hapo wengi waliiona kasi hiyo, ambayo ni kama kilomita 320, kuwa ukuta ambao maji hayamruhusu binadamu kuuvuka.

K7 ilibuniwa ili kuuvuka ukuta huo. Wabunifu walikuwa ndugu wawili, Ken na Lew Norris, na boti yao ilikuwa ya chuma na alumini mwili mzima, ikisukumwa na injini ya jeti. Herufi K ilionyesha daraja la boti zisizo na kikomo cha ukubwa wa injini, na 7 ilikuwa namba yake katika orodha. Msomaji wa pwani atalielewa umbo lake upesi akifikiria ngalawa: mwili mwembamba katikati na vielea viwili pembeni vilivyoshikiliwa na miti ya kukingama. Tofauti ni kwamba vielea vya K7 vilikaa mbele, na ikishika kasi boti nzima iligusa maji kwa nukta tatu tu, mbili za vielea na moja ya nyuma. Sehemu nyingine zote zilikuwa hewani. Kwa maneno mengine, ilikuwa ndege iliyokatazwa kuruka.

Tarehe 23 Julai 1955, kwenye ziwa Ullswater, ilipiga maili 202.32 kwa saa. Baadaye mwaka huohuo ilipelekwa ziwa Mead, jimbo la Nevada, Marekani, na huko mnamo Oktoba ikajaa maji na kuzama. Waliiopoa, wakaikausha, na mwezi mmoja baadaye ikaweka rekodi nyingine, maili 216.20. Kwa hiyo kazi ya mwaka 2001 haikuwa mara ya kwanza kwa Bluebird kutolewa chini ya maji. Kati ya 1956 na 1959 Campbell aliiongeza rekodi mara nne, zote Coniston, hadi maili 260.35.

Mwaka wake mkubwa ulikuwa 1964. Mwezi Julai, juu ya chumvi kavu ya ziwa Eyre, Australia, aliendesha gari lenye jina lilelile la Bluebird kwa maili 403.10 kwa saa, rekodi ya nchi kavu. Kisha akahangaika na upepo na mawimbi kwa majuma mengi akitafuta rekodi ya majini, hadi tarehe 31 Desemba, saa chache kabla mwaka kwisha, alipofikia maili 276.33 kwenye ziwa Dumbleyung, Australia Magharibi. Hakuna mwingine aliyewahi kuzichukua rekodi zote mbili ndani ya mwaka mmoja.

Asubuhi ya Januari

Mwaka 1966 Campbell alikuwa anatafuta fedha za kujenga gari la roketi, na aliamini kuwa maili 300 majini zingewaamsha wafadhili. Boti ilikuwa na zaidi ya miaka 10. Aliivika injini mpya, Orpheus, aina iliyotumiwa na ndege za mafunzo za Gnat, akaongeza na mkia uliotoka kwenye ndege ya aina hiyohiyo. Timu ilifika Coniston Novemba. Milango ya hewa ya injini ilibomoka wakati wa majaribio na vipande vikaingia ndani vikaharibu injini. Ikabidi nyingine itafutwe. Mvua, upepo, Krismasi, waandishi wa habari waliochoka kusubiri. Campbell alikuwa mtu wa kuamini nuksi, rangi ya kijani hakutaka kuiona karibu yake, na inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia safari yake ya mwisho alicheza karata akapata malkia na ree ya shupaza, akawaambia wenzake kuwa Mary, malkia wa Uskoti, alipata karata hizohizo kabla ya kukatwa kichwa. Kama Mary alizipata kweli hilo ni jambo lingine. Mtu aliyekaa miezi miwili akiitazama hali ya hewa anaweza kusoma nuksi hata kwenye kikombe cha chai.

Kanuni ya rekodi ni nyepesi kuieleza. Unapita kilomita iliyopimwa kwenda, unarudi kwa upande wa pili ndani ya saa moja, na wastani wa safari mbili ndiyo kasi yako. Asubuhi ya tarehe 4 Januari 1967 ziwa lilitulia. Campbell alitoka kaskazini kwenda kusini kwa maili 297.6. Alihitaji kurudi kwa zaidi ya 302 kidogo. Desturi ilikuwa kusimama, kuongeza mafuta, kusubiri mawimbi ya safari ya kwanza yalale. Safari hii aligeuza papo hapo.

Kurudi kwake kulifika maili 328, yaani kilomita 528 kwa saa. Redioni alikuwa akiongea mfululizo, kama alivyozoea: maji ni mabaya, haoni vizuri, kisha omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, imeinuka, kisha anakwenda. Boti ya umbo hili ina ugonjwa wake mmoja. Tumbo lake ni bapa, na omo ikiinuka nyuzi chache zaidi ya kiasi, hewa inayoingia chini inainyanyua kuliko uzito unavyoivuta chini. Ikipita hapo hairudi. K7 iliinuka, ikajipindua kinyumenyume hewani, ikaingia majini kwa pua. Ilikuwa kama saa tatu kasorobo asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili. Filamu ipo, na watu wameitazama mno, kwa hiyo sitaieleza zaidi.

Vilivyoelea vilikuwa vitu vidogo, pamoja na Mr Whoppit, kidubu cha kitambaa alichosafiri nacho kila mara. Wazamiaji wa jeshi la majini waliikuta boti chini baada ya muda mfupi, karibu mita 45 gizani. Campbell hawakumwona. Utafutaji ukafungwa, na chombo kikaachwa pale kilipo.

Maiti ni ya nani

Zaidi ya miaka 30 ikapita. Kijijini Coniston ziwa lilikuwa kaburi na kila mtu alijua. Kisha Bill Smith, mzamiaji kutoka eneo la mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akaisikia bendi moja ya roki ikiimba juu ya ajali ile, na akaamua kwenda kutafuta. Kwa kifaa cha mwangwi wa sauti, na baada ya kuzamia mara nyingi pasipo kitu, akaipata. Vipande vya kwanza vilipanda Oktoba 2000. Sehemu kubwa ilipanda Machi 2001.

Hapa ndipo swali la kwanza lilipojitokeza. Jean Wales, dada yake Donald, alipinga mwili kuopolewa. Alisema kaka yake alitaka kwamba likitokea la kutokea, nahodha na chombo chake wakae pamoja. Gina, binti yake Donald, alitaka baba yake apatikane na azikwe. Wote wawili ni damu. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema. Wasomaji waliokuwa na ndugu ndani ya MV Bukoba, Mei 1996, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Ziwa Victoria halikuwarudisha wote, na walioachwa nchi kavu wanajua kuishi bila kaburi kulivyo.

Mimi naona kuwa boti ilipopanda tu, hoja ya Jean ilikuwa imekwisha nguvu, si kwa sababu ilikuwa dhaifu bali kwa sababu sharti lake lilikuwa limevunjwa. Chombo kimeshatoka. Nahodha angebaki peke yake chini, na huko ndiko kulikokuwa kumvunjia wosia kabisa. Tarehe 28 Mei 2001 Smith na wenzake walimpata, akiwa bado amevaa ovaroli yake ya buluu ya nailoni. Vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Tarehe 12 Septemba 2001 jeneza lake lilipakiwa kwenye boti, likapitishwa mara ya mwisho juu ya kilomita ile iliyopimwa, kisha ibada ikafanyika katika kanisa la Mtakatifu Andrea kijijini. Dunia nzima siku hiyo ilikuwa inatazama New York. Mtu aliyefukuza vichwa vya habari maisha yake yote alizikwa siku ambayo magazeti hayakuwa na nafasi.

Chuma kinasema nini

Kabla ya kuzungumzia matengenezo, inafaa kuona mabaki yalivyosomwa, maana hapa ndipo kuopoa kulipolipa kwa namna ambayo filamu isingeweza.

Moja ya dhana zilizovuma tangu 1967 ni kwamba kwa kuwa hakuongeza mafuta, injini ilikosa mafuta katikati ya mwendo ikazimika, omo ikainuka. Kwenye mabaki, mafuta yalikutwa bado ndani ya mabomba ya kuelekea injini, na dhana ya kuishiwa ikaanguka. Breki ya maji, ubao unaoshushwa nyuma kupunguza mwendo, ilikutwa imeshuka. Mtu wa haraka angesema: haya, alifunga breki. Lakini breki ile ilikuwa nzito na ya polepole, na muda kati ya omo kuinuka na boti kugonga maji haukutosha kuishusha. Mgandamizo uliokuwa umehifadhiwa ndani ya mfumo wake ndio ulioisukuma nje baada ya ajali. Nafikiri hilo ni somo zuri kwa yeyote anayechunguza ajali ya basi au ya bodaboda: kitu ulichokikuta kimefunguka hakikwambii kilifunguka lini.

Mipasuko yote ya mbele ilionyesha pigo kutoka kushoto kwenda kulia, na pigo hilo ndilo lililoifagia omo yote. Vishikizo vya chini vya mikanda ya dereva vilikuwa vimekatika. Mikanda ile haikuwa imemshika kwa lolote la maana.

Hali ya madini nayo ilitofautiana. Maji ya Coniston ni baridi na hayana chumvi, na tope lilizuia hewa, kwa hiyo alumini ilivumilia kuliko ambavyo ingevumilia baharini. Lakini madini tofauti yakikaa pamoja majini hulana, na lililo dhaifu ndilo hutangulia kuliwa. Magnesiamu ya kwenye injini haikuwa na bahati. Injini ile ya mwaka 1967 haikuwa ya kuwashwa tena.

Ruskin na uongo wa matengenezo

Tarehe 7 Desemba 2006 Gina Campbell, kwa niaba ya amana ya familia, aliikabidhi K7 kwa Makumbusho ya Ruskin, makumbusho madogo ya kijiji cha Coniston. Makumbusho yale yanabeba jina la John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa aliyeishi miaka yake ya mwisho kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa hilo, akafariki 1900 na kuzikwa katika uwanja wa kanisa lilelile la Mtakatifu Andrea. Mwaka 1849 Ruskin aliandika, akizungumzia majengo ya kale, kwamba kinachoitwa kurejesha hali ya zamani ni uharibifu mbaya kuliko wote, na ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho. Jiwe lililochongwa upya si jiwe lile. Mkono uliolichonga la kwanza umeshakufa.

Sijui kama kuna aliyecheka walipotia saini. Makumbusho yenye jina la mtu huyo yalikuwa yanapokea mabaki kwa makubaliano kwamba yatengenezwe upya hadi boti ikimbie.

Na wapo waliomfuata Ruskin bila kumtaja. Mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa la Uingereza uliombwa fedha, ukakataa. Msimamo wa wahifadhi ulikuwa kwamba mabaki yenyewe ndiyo historia: mkunjo wa ajali ni ushahidi, na ukiunyoosha umeufuta. Ukitengeneza omo mpya, umeleta kitu ambacho Campbell hakukigusa. Kwa mtazamo wao ilifaa mabaki yawekwe chini ya kioo jinsi yalivyo.

Upande wa pili, familia na Smith waliona hivi: mabaki yale yakiwekwa kwenye chumba, watu watakuja kutazama kifo. Boti ilikuwa na maisha ya miaka 12 na rekodi saba, na sekunde chache za mwisho hazikustahili kuwa ndizo pekee zinazoonekana. Hapa nasimama na familia, ingawa najua hoja ya wahifadhi ni safi zaidi kimaandishi. Labda ni kwa sababu nimetoka kwenye watu wa vyombo. Jahazi linalopandishwa pwani kila mwaka hubadilishwa ubao huu leo na ule kesho, na baada ya miaka 30 fundi hawezi kukuonyesha ubao wa kwanza, lakini hakuna anayesema jahazi limekufa. Na MV Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa 1924 na kuirudisha kazini 1927, haikuulizwa na yeyote kama uhalisi wake umepungua. Ilitakiwa kubeba watu na mizigo, ikabeba. Ila Liemba haikuopolewa ikiwa na maiti ya mtu maarufu. Nakiri kwamba ulinganisho wangu unaishia hapo.

Bila fedha za mfuko, kazi ilifanyika kwenye karakana ya North Shields, kando ya mto Tyne, na watu wa kujitolea pamoja na misaada ya wahisani. Sehemu ya nyuma ilivunjwavunjwa kipande kwa kipande, ikasafishwa, na kila kilichoweza kunyooshwa kikanyooshwa na kurudishwa mahali pake. Kanuni yao ilikuwa kutumia cha zamani mpaka kishindikane. Ukiangalia kwa makini utaona bati lenye makovu limeungana na bati jipya, na nadhani makovu hayo yangemridhisha hata Ruskin kidogo. Omo yote, pamoja na chumba cha dereva, ilibidi ijengwe upya. Injini ya Orpheus nyingine ya aina ileile ilitafutwa ichukue nafasi ya iliyoliwa na maji.

Agosti 2018 boti ilipelekwa ziwa la Loch Fad, kisiwa cha Bute, Uskoti. Tarehe 4 ikaelea kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 51. Siku iliyofuata injini ikawashwa, na katika siku za majaribio ikafikia kama maili 150 kwa saa. Zaidi ya hapo hawakutaka, kwa usalama. Nusu ya kasi ya Campbell, lakini ilinyanyuka ikakaa juu ya nukta zake tatu, maji meupe nyuma, sauti ileile. Kama kuna aliyebaki na shaka kwamba mafundi wa North Shields walijua wanachokifanya, shaka yake iliishia pale.

Vyuma vipya ni vya nani

Baada ya Loch Fad, K7 ilirudi North Shields, haikurudi Coniston. Makumbusho yalikuwa yamekwisha kujenga chumba maalumu cha kuipokea, kilichofunguliwa mwaka 2010. Chumba kikakaa kikisubiri.

Msimamo wa makumbusho ulikuwa mfupi: tulipewa boti mwaka 2006, kwa hati, na aliyetupa alikuwa na haki ya kutoa. Msimamo wa Smith ulikuwa kwamba alichopewa kukitengeneza kilikuwa mabaki, na kilichotoka karakanani kina sehemu mpya ambazo yeye na timu yake walizitengeneza kwa jasho na fedha zao, kwa hiyo ana sehemu ya umiliki. Mazungumzo yakakwama, wanasheria wakaingia, miaka ikaenda.

Ni rahisi kuchukua upande. Ukipeleka kitanda kwa seremala akakibadilishia miguu, kitanda ni chako, na seremala hawezi kukwambia kwamba sasa mnalala wawili. Huo ndio mfano ambao watu wengi wangeutumia, na kwa upande wa sheria za kawaida za mali una nguvu. Lakini mfano una tundu: seremala umemlipa. Je, kama hukumlipa? Je, kama kitanda ulimpelekea kikiwa mbao tatu na misumari iliyoshika kutu, naye akakaa miaka 12 akikijenga, akitafuta mbao kwa marafiki, na wewe ulichotoa ni ruhusa?

Nadhani kosa lilifanyika mwanzoni, wakati kila mtu alikuwa na furaha. Katika kazi ya mapenzi watu huona haya kuuliza maswali ya mali. Nani anamiliki ubao mpya ukishapigwa riveti kwenye fremu ya zamani? Boti ikikamilika itakaa wapi kwa miezi mingapi? Nani ataamua ikimbie au isikimbie, na bima atalipa nani? Maswali haya yangejibiwa mwaka 2006 kwa karatasi chache, tena kwa kucheka. Yalipokuja kuulizwa baada ya 2018, boti ilikuwa kitu cha thamani kubwa ambacho kila mtu alikitaka karibu yake, na hapo hata jibu la haki huwa na uchungu.

Na bado siwezi kumtazama Smith kama mtu aliyetaka kunyang'anya. Bila yeye K7 ingekuwa bado chini ya tope na Donald hana kaburi. Wala siwezi kuyaona makumbusho kama wakandamizaji, maana zawadi ni zawadi, na kijiji kilikuwa kimesubiri. Kila upande ulikuwa umeshika kitu cha kweli kwa mkono mmoja.

Mwaka 2023 Smith aliachia madai yake ya umiliki. Tarehe 9 Machi 2024, miaka 23 na siku moja tangu mkia uchomoze majini, lori lilipita barabara nyembamba za Coniston likiwa limebeba Bluebird. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, wengine wamebeba watoto mabegani. Chumba kilichojengwa kwa ajili yake kikapata mwenyewe.

Rekodi yenyewe imeshakwenda mbali. Mwaka 1978 Ken Warby, Mwaustralia aliyejijengea boti mwenyewe, alipiga maili 317.6 kwenye bwawa la Blowering, na hakuna aliyemfikia. Waliojaribu katika miaka iliyofuata, Lee Taylor mwaka 1980 na Craig Arfons mwaka 1989, walikufa wakijaribu. Ziwani Coniston, kwa siku za kawaida, boti haziruhusiwi kupita maili 10 kwa saa.

Jean alisema nahodha na chombo chake wakae pamoja. Donald yuko kwenye makaburi ya kijiji, chombo kiko makumbusho, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.